La Rochelle, Vendée au Morbihan? Kuchagua pwani ya magharibi ya Ufaransa kwa likizo

Anayetaka bahari ya Ufaransa lakini hataki joto na msongamano wa Nice, kwa kawaida huelekezwa upande wa Atlantiki. Hapo ndipo shida inapoanza. Majina matatu hurudi kila mara: mji wa bandari wa La Rochelle na visiwa vyake, mkoa wa Vendée, na mkoa wa Morbihan ulioko kusini mwa Bretagne. Picha zote zinafanana: mchanga, mashua, nyumba nyeupe, baiskeli. Bei nazo ukiziangalia juu juu zinakaribiana. Kutoka Vannes, mji wa Morbihan, hadi La Rochelle ni chini ya kilomita 300, kwa hiyo hata hali ya hewa haitofautiani kama mbingu na ardhi.

Hata hivyo likizo utakayoipata katika kila sehemu ni tofauti kabisa, na aliyezaliwa karibu na Bahari ya Hindi anapaswa kuambiwa jambo moja mapema: usichague kwa kulinganisha fukwe. Ufukwe mzuri wa kuogelea unao nyumbani, na maji yake ni ya moto kuliko haya. Linganisha vingine.

Vipimo vitano

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni gari. Je, utaendesha au hutaendesha? Cha pili ni bahari yenyewe: inaogeleka wapi, na ina hatari gani. Cha tatu ni siku ya mvua, maana zipo, hata Agosti. Cha nne ni chakula, pamoja na suala la nguruwe na mvinyo kwa wanaojali. Cha tano ni mfuko.

Kabla ya kuingia ndani, kuna mambo yanayozihusu sehemu zote tatu.

Maji ni baridi. Mwezi Agosti yanakuwa nyuzi 18 hadi 21, kutegemea mahali, na yanafikia kilele cha uvuguvugu mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ataingia, atapiga kelele, atatoka. Wa pili watakuwa watoto, ila wao watarudi tena majini.

Maji yanakupwa na kujaa sana. Mtu wa Pemba au Lamu hafundishwi habari za bamvua na maji mafu, lakini huku kipimo ni kikubwa zaidi: siku za bamvua tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa inaweza kupita mita 5. Ufukwe ulioogelea asubuhi unaweza kuwa uwanja wa tope alasiri. Jedwali la maji linapatikana katika kila ofisi ya watalii, na wenyeji hupanga siku zao kwa kulitazama. Fanya kama wao.

Kuhusu majira: shule za Ufaransa hufungwa kuanzia mwanzoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti, na ndani ya wiki hizo bei za malazi hupaa. Nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi tu, kwa hiyo barabara za Jumamosi ni mateso. Juni na Septemba ndiyo miezi ya mwenye akili, kama huna watoto wa shule. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu na saa nne usiku, na huko Bretagne hupita hata saa nne. Ni raha kwa matembezi, lakini anayesubiri Magharibi, na zaidi Isha, ajiandae kukesha.

La Rochelle, Ré na Oléron

*Kufika na kuzunguka.* Treni ya kasi kutoka kituo cha Montparnasse, Paris, hufika La Rochelle kwa takriban saa mbili na nusu hadi tatu. Kituo kiko karibu na bandari ya kale, unatembea kwa miguu na begi lako. Huu ndio mji pekee kati ya machaguo yetu ambao ningemshauri mtu asiye na leseni akae wiki nzima bila wasiwasi. Mji wenyewe ulikuwa na baiskeli za manjano za umma tangu miaka ya 1970, kabla miji mikubwa haijafikiria jambo hilo.

Kutoka hapo, basi linavuka daraja la karibu kilomita 3 lililofunguliwa mwaka 1988 kwenda kisiwa cha Ré. Mwenye gari hulipia tozo ya daraja, na kiangazi tozo hiyo ni ya juu zaidi. Mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu hawalipi kitu. Ré ni tambarare, ina vijiji kumi na zaidi ya kilomita 100 za njia za baiskeli zinazopita katikati ya mashamba ya chumvi na mizabibu. Hapa baiskeli ndiyo usafiri hasa, na kwa gari utakaa foleni ukiwatazama wanaokupita. Oléron ni kikubwa zaidi. Ukiacha Corsica, hakuna kisiwa kikubwa kuliko hicho katika Ufaransa ya Ulaya. Daraja lake ni la tangu 1966 na halina tozo, lakini bila gari Oléron inachosha.

*Bahari.* Fukwe za mjini La Rochelle ni ndogo na za kupoozea macho. Anayetaka kuogelea aende Ré, au apande treni dakika chache kusini hadi Châtelaillon-Plage, ambako mchanga ni mrefu. Maji yakikupwa yanakwenda mbali kweli kweli. Upande wa magharibi wa Oléron unatazama bahari kuu na una mikondo mikali. Ogelea penye walinzi tu, kati ya bendera zao.

*Siku ya mvua.* Hapa ndipo La Rochelle inapowaacha wenzake. Kuna hifadhi kubwa ya samaki karibu na bandari, inayowaridhisha watoto na wakubwa. Kuna minara mitatu ya kale mlangoni mwa bandari, soko la ndani la karne ya 19, na kuna Jumba la Makumbusho la Ulimwengu Mpya. Hilo la mwisho nalitia mkazo. Utajiri unaouona katika nyumba za mawe za La Rochelle sehemu yake ilitokana na biashara ya watumwa, kwani katika karne ya 18 bandari hii ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za Ufaransa katika biashara hiyo. Jumba hilo limo ndani ya nyumba ya familia iliyotajirika kwa mashamba ya miwa ya Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Ni vyumba vizuri vinavyosimulia mambo mabaya. Anayetoka pwani yetu, akishapita soko la watumwa la Mkunazini, atayaelewa bila kuambiwa mengi.

*Mezani.* Chaza wa Marennes-Oléron, wanaofugwa katika mabwawa ya maji ya chumvi na kuliwa wabichi. Kome hupangwa juu ya ubao, hufunikwa kwa majani makavu ya msonobari na kuchomwa. Mapishi hayo huitwa éclade, na hayahitaji tone la mvinyo. Nasema hivyo kwa sababu kome wa mikahawani kila mahali Ufaransa hupikwa kwa mvinyo mweupe, na mhudumu hataona sababu ya kukueleza. Bucha za halali zipo mjini La Rochelle. Visiwani utakula samaki.

*Mfuko.* Ré ni ghali, bila kuzungukazunguka. Ni kisiwa cha wenye nyumba za pili kutoka Paris, na hata kikombe cha kahawa bandarini Saint-Martin kina bei ya kukaa karibu nao. Lala La Rochelle, uende Ré mchana. Oléron ni nafuu zaidi na ina kambi nyingi za watalii.

Jambo moja la pembeni kwa watu wa Lamu: huko Ré, Saint-Martin, utaona punda waliovalishwa suruali. Desturi hiyo ilianza kwa kuwakinga na mbu na nzi walipofanya kazi mashambani. Siku hizi ni ya watalii kupiga picha.

Vendée

*Kufika na kuzunguka.* Treni hufika Les Sables-d'Olonne, mara nyingi kwa kubadilisha Nantes, na safari nzima kutoka Paris huchukua kama saa tatu na nusu au zaidi. Baada ya hapo unahitaji gari. Vivutio vimetawanyika, mabasi ni machache, na umbali wa kutoka ufukweni hadi bustani ya maonyesho ya Puy du Fou ni zaidi ya saa moja barani. Baiskeli zina njia nzuri sana: njia ndefu ya Vélodyssée, inayoshuka kutoka Bretagne hadi mpaka wa Uhispania kwa zaidi ya kilomita 1,200, inapita hapa kando ya bahari. Lakini baiskeli haitakufikisha kila mahali na mtoto wa miaka mitatu mgongoni.

*Bahari.* Ikiwa umeng'ang'ania ufukwe licha ya nilivyokushauri, basi ni hapa. Mchanga ni mwingi, mrefu, mwepesi kufikiwa, na walinzi wako kila mahali wakati wa kiangazi. Ghuba ya Les Sables-d'Olonne inatazama kusini na imekingwa kiasi, inafaa watoto. Mji huo ndio kituo cha Vendée Globe, mashindano ya kuzunguka dunia kwa mashua ya tanga, mtu mmoja peke yake, bila kusimama na bila kusaidiwa. Yalianza mwaka 1989 na sasa hufanyika kila baada ya miaka minne. Ya karibuni yaliondoka Novemba 2024.

Cha kipekee zaidi ni Passage du Gois, barabara ya zaidi ya kilomita 4 inayokwenda kisiwa cha Noirmoutier ikipita chini kwenye sakafu ya bahari. Mara mbili kila siku inafunikwa na maji. Inavukwa takriban saa moja na nusu kabla na baada ya maji kukupwa kabisa, na saa zimebandikwa pande zote mbili. Njiani kuna nguzo zenye vibaraza vya juu kwa ajili ya waliokutwa na maji. Wanapanda, gari linazama, wanaokolewa wakiwa na aibu zao. Mwaka 1999 mashindano ya Tour de France yalipita hapo na waendesha baiskeli wakaanguka kwa lundo kwenye utelezi. Kwa asiyetaka majaribu, lipo daraja la tangu 1971, na halilipiwi.

*Siku ya mvua.* Udhaifu wa Vendée uko hapa. Bila jua, miji ya ufukweni inabaki na maduka ya fulana na mikahawa ya aiskrimu. Puy du Fou ni kubwa na watu huisafiria kutoka mbali: mapigano ya Warumi, tai na mwewe wakiruka juu ya vichwa, mashujaa wa farasi. Lakini sehemu yake kubwa iko nje. Onyesho la usiku, Cinéscénie, lililoanza mwaka 1978, huwa siku chache tu za wiki wakati wa kiangazi na tiketi huisha miezi kabla. Historia inayoonyeshwa pale ina upande wake, nami ningeitazama kama tamthilia tu.

*Mezani.* Viazi na chumvi ya Noirmoutier, sadini wa Saint-Gilles-Croix-de-Vie, maharage meupe yanayoitwa mogettes, na brioche tamu yenye umbo la msuko. Maharage hayo mara nyingi huletwa na paja la nguruwe, kwa hiyo uliza. Bucha za halali katika vijiji vya pwani ni za kutafuta. Nunua Nantes au La Roche-sur-Yon ukiwa njiani, utie kwenye friji.

*Mfuko.* Nafuu kuliko wote kwa familia. Vendée ni nchi ya kambi: vijumba vyenye jiko na vyumba viwili vya kulala, bwawa la kuogelea, na michezo ya watoto jioni. Mkigawana familia mbili, gharama kwa kila kichwa inashuka sana. Noirmoutier ni ghali zaidi ya maeneo mengine ya Vendée, ingawa haijafika bei za Ré.

Morbihan, Bretagne ya kusini

*Kufika na kuzunguka.* Vannes ni saa mbili na nusu hivi kwa treni kutoka Montparnasse. Kituo kinachofuata, Auray, ndiyo njia panda ya Carnac na Quiberon, na kiangazi kuna treni ndogo inayoteremka rasi hadi Quiberon ikipita foleni za magari. Bila gari inawezekana, ila kwa subira. Kwa gari ni bora. Nusu ya raha ya hapa ni boti. Ghuba ya Morbihan imejaa visiwa, na Île-aux-Moines, kilicho kikubwa kuliko vyote ndani ya ghuba, kinafikiwa kwa boti ya dakika chache kutoka Port-Blanc. Belle-Île iko nje, baharini, kama dakika 45 hadi 50 kutoka Quiberon. Acha gari bara. Kulivusha kwa siku moja hakuna maana.

*Bahari.* Maji yake ndiyo baridi zaidi kati ya haya, na ndiyo mazuri zaidi kwa macho. Ndani ya ghuba ni tulivu kwa kutazama, lakini mlangoni mwake mkondo unakwenda kasi ya kutisha maji yanapobadilika, waachie manahodha. Pwani ya magharibi ya rasi ya Quiberon ni miamba na mawimbi: pita juu kwa miguu, usiogelee. Upande wa mashariki wa rasi, na fukwe za Carnac, ni salama. Mchoraji Claude Monet alikuja Belle-Île mwaka 1886 akachora miamba ya Port-Coton tena na tena. Ukiifika utaelewa kwa nini hakutosheka na picha moja.

*Siku ya mvua.* Itakuwapo. Wabretoni wenyewe huitania. Lakini mvua hapa haiharibu kama Vendée, kwa sababu mawe ya Carnac yanapendeza hata chini ya wingu. Ni takriban mawe 3,000 yaliyosimamishwa kwa safu na watu wa maelfu ya miaka iliyopita, na mwaka 2025 UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia. Kiangazi sehemu kuu zimezungushiwa uzio na huingiwi bila kiongozi. Kuanzia Oktoba hadi Machi unatembea huru katikati yake. Mwelekeo wa Lorient kuna Port-Louis, ambako ndani ya ngome ya baharini mna makumbusho ya Kampuni ya Ufaransa ya Mashariki ya India. Meli zake ziliondoka hapa zikazunguka Afrika na kuingia bahari yetu, zikipitia Mauritius na Réunion, zikarudi na viungo, vitambaa vya India na vyombo vya kaure vya China. Mtu wa Zanzibar atatambua sahani nyingi ndani ya makabati yale.

*Mezani.* Galette, yaani mkate mwembamba wa unga mweusi usio wa ngano, unaojazwa upendavyo. Ile maarufu, complète, ina nyama ya nguruwe. Omba ya yai na jibini, au ya samaki. Kinywaji chake ni cidre, chenye kilevi, lakini juisi ya tufaha ya mashambani ipo kila mahali na ni tamu zaidi kwa maoni yangu. Kouign-amann ni keki ya siagi na sukari, na siagi si kidogo. Kula kipande.

*Mfuko.* Wastani. Carnac na visiwa hupanda Agosti. Vannes na vijiji vya bara, kilomita kumi au kumi na tano kutoka majini, vinashuka vizuri. Hesabu nauli za boti, kwa sababu familia ya watu watano kwenda Belle-Île na kurudi si pesa ya kuchezea.

Nani aende wapi

Huna leseni, au hutaki kuendesha upande wa kulia baada ya miaka ya kushoto Kenya, Uganda au Tanzania: La Rochelle. Wa Kongo, Rwanda na Burundi hili haliwapi tabu, lakini wajue kwamba magari ya kukodi yasiyo na gia za mkono huisha mapema, na leseni isiyo ya Ulaya, kama haikuandikwa kwa Kifaransa, inahitaji tafsiri ya Kifaransa au kibali cha kimataifa.

Mna watoto wadogo na bajeti ya kubana: Vendée, kambini, mwishoni mwa Juni kama shule yenu inaruhusu. Watoto wakubwa waliochoka na mchanga watafurahia Puy du Fou siku mbili, lakini lipia mapema.

Unasafiri na wazazi wenye magoti mabovu: La Rochelle tena, au Vannes ndani ya kuta, ambako soko, bandari na kanisa kuu viko karibu. Belle-Île kuna vilima. Ré haina, lakini bila baiskeli inapoteza nusu ya ladha yake.

Wawili wasio na haraka, wanaopenda kutembea na hawakimbii mvua: Morbihan, Septemba. Anayefuata historia ya watumwa na biashara ya bahari anaweza kuunganisha Port-Louis na La Rochelle na kusimama katikati, Nantes, ambako kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa ilifunguliwa mwaka 2012 kando ya mto Loire.

Ukiwa na siku tatu tu, usijaribu kuchanganya. Kuvuka Paris kutoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi Montparnasse kunakula saa mbili tatu kwa urahisi ukihesabu foleni ya pasipoti, na kubadilisha hoteli kunakula siku nyingine.

Kwa wanaohitaji viza ya Schengen, ombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu lazima ifike euro 30,000. Ukifikia kwa ndugu badala ya hoteli, yeye ndiye wa kwenda ofisi ya meya wa mji wake kuomba attestation d'accueil, yaani hati ya mwenyeji ya kumpokea mgeni, yenye stempu ya euro 30, kisha akutumie ile halisi kwa posta. Mwambie aanze sasa, maana ofisi hizo hutoa miadi kwa mwendo wao.